Kurudi Milima ya Ngong Baada ya Miaka Mingi: Somo kwa Wakaazi wa Kibera na Kawangware

Ukipanda paa la ghorofa lolote Kawangware asubuhi isiyo na ukungu, au ukisimama kwenye reli pale Kibera na kutazama kusini magharibi, utaiona Milima ya Ngong imejipanga kama vifundo vya ngumi. Wengi wetu tuliipanda zamani. Tulipelekwa na shule, au na vijana wa kanisa, au tulikwenda wenyewe na marafiki siku ya Boxing Day tukiwa na mkate na soda mfukoni. Kisha zikaja kazi, watoto na kodi ya nyumba, na miaka 10, 15 au 20 ikapita bila mtu kukanyaga kilima chochote isipokuwa ngazi za kuingia ofisini.

Somo hili ni la mkaazi anayetaka kurudi. Anayeanza kabisa huogopa, na anayeogopa hujitunza. Anayerudi ana kumbukumbu ya jinsi alivyokuwa, na hiyo kumbukumbu ndiyo humponza. Nalisema kwa sababu lilinipata.

Nilipanda Ngong mara ya mwisho mwaka 2006 nikiwa na umri wa miaka 26. Nikarudi mwaka 2022 na kikundi cha watu 14, wengi wao kutoka Gatina na Kongo, na wachache kutoka Gatwekera. Kupanda hakukunisumbua sana. Nilihema, nikajikaza, nikatangulia wenzangu hadi kilima cha pili, na nilijisikia kijana. Taabu ilianza tulipoanza kushuka. Mapaja yalianza kutetemeka kama ya ndama aliyezaliwa jana. Magoti yalikataa kukunjika. Nilianguka mara mbili, na mara ya pili nilichubuka kiganja nusu nzima.

Aliyenishika mkono alikuwa mama mmoja wa Gatwekera aliyepita miaka 60, anayeuza mboga. Hajawahi kwenda gym maishani mwake. Alivaa raba za mitumba na leso kiunoni. "Mwanangu," aliniambia, "punguza hatua. Hapa si pa kukimbilia gari." Nikapunguza hatua, na nikashuka nikimfuata nyuma kama mtoto. Siku tatu zilizofuata nilikuwa nikishuka ngazi za nyumba kinyumenyume.

Swali lililonisumbua wiki nzima ni hili: kwa nini yeye aliweza na mimi sikuweza? Jibu lake ndilo sehemu kubwa ya somo la leo.

KUSHUKA NI KAZI TOFAUTI

Watu wengi hudhani kupanda ndiyo kazi na kushuka ni mapumziko. Kwa moyo na mapafu ni kweli. Kwa misuli ni kinyume kabisa.

Unapopanda, msuli wa mbele wa paja hujikunja na kukusukuma juu. Unapochoka unahema, na unapohema unasimama. Mwili unakuonya mapema. Unapoteremka, msuli huohuo hufanya kazi ya breki: unarefuka huku ukibeba uzito wako wote, hatua baada ya hatua. Kurefuka chini ya mzigo ndiko kunakoleta michubuko midogo ndani ya nyuzi za msuli. Na onyo lake huchelewa. Huhemi, huhisi kiu, unaongea na kucheka, kumbe paja linaisha nguvu. Ukishtuka, goti halina wa kulishika, na hapo ndipo watu huteguka vifundo vya miguu.

Maumivu yenyewe huja kesho yake, na huwa makali zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Si ugonjwa, wala hayamaanishi umeharibika. Yataondoka yenyewe ndani ya wiki. Tembea pole pole, usilale kitandani kutwa nzima.

Lakini kuna habari njema hapa, na ndiyo siri ya yule mama. Msuli ukishashuka mteremko mara moja, hata mteremko mdogo, hujirekebisha na kukumbuka. Ukiupeleka tena baada ya wiki moja au mbili, madhara huwa madogo sana kuliko mara ya kwanza. Yule mama hupanda na kushuka miteremko ya Kibera kila siku akiwa na mzigo wa mboga au mtungi wa maji. Mapaja yake hayajawahi kusahau. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti miaka 16.

Mambo mengine mawili hubadilika mtu akikaa miaka mingi. Pumzi hupotea upesi. Wiki chache tu bila mazoezi zinatosha kuipunguza, ingawa nayo hurudi upesi ukianza tena. Misuli huanza kupungua kidogo kidogo baada ya miaka 30 kwa asiyeitumia. Kano, yaani zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, ndizo huchelewa kuliko vyote. Kwa hiyo mtu anayerudi hufika mahali ambapo pumzi imerudi, msuli umerudi, anajiona yuko sawa, lakini kano za kisigino na za goti bado ziko nyuma. Wengi huumia katika wiki ya nne au ya tano, wakati wamejiamini. Ndiyo maana mpango utakaousoma hapa chini unaonekana mwepesi kupita kiasi. Uvumilie.

KABLA YA VIATU, PRESHA

Baada ya ile safari niliamua kujiandaa vizuri. Mhamasishaji wa afya ya jamii anayehudumia mtaa wetu alikuwa amefika kumwona jirani, nikamwomba anipime. Mashine ilisoma 168 kwa 102. Akanipumzisha dakika tano, akapima tena, ikasoma karibu vilevile. Sikuwa na dalili yoyote ninayoijua. Nilikuwa na maumivu ya kichwa asubuhi, ambayo nilikuwa nikiyalaumu kelele za baa iliyo nyuma ya nyumba.

Kumbe ile siku nilipotangulia wenzangu Ngong nikijiona kijana, huenda nilikuwa nimebeba presha hiyohiyo.

Shinikizo la damu huanza kuhesabiwa kuwa juu linapofika 140 kwa 90 mara kwa mara. Mtu mwenye kipimo kama changu hakatazwi kutembea. Kutembea ni sehemu ya tiba yake. Lakini aanze kliniki, apate ushauri na dawa ikihitajika, ndipo aongeze mteremko. Aliye na 180 kwa 110 au zaidi asipande kilima hata kidogo hadi ishuke, na asingoje kesho kumwona daktari. Mimi niliahirisha safari kwa miezi miwili na nikaanza dawa. Nilikasirika, nikiri. Sikasiriki tena.

Wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mikoba ya vifaa mwezi Septemba 2023 katika mpango wa kitaifa, na ndani yake mna mashine ya presha na kipimo cha sukari. Anayepita kwako nyumba kwa nyumba anaweza kukupima bila malipo. Kama humjui, muulize mzee wa mtaa au ofisi ya chifu.

Mwenye kisukari abebe kitu chenye sukari mfukoni, kwa sababu safari ndefu hushusha sukari, hasa kwa anayetumia sindano ya insulini. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Anayemeza dawa za presha asiziache asubuhi ya safari ati kwa kuwa zinamkojoza. Amuulize daktari wake siku kadhaa kabla, si usiku wa kuamkia. Na yeyote anayepata maumivu ya kifua, au kubanwa kifua akipanda ngazi, huyo safari yake ya kwanza ni ya hospitali.

MAZOEZI YAPO MTAANI

Kuna watu watakaosoma haya wakacheka. Maelfu ya wakaazi wa Kibera hutembea kila asubuhi hadi Industrial Area na kurudi jioni ili kuokoa nauli. Huyo hahitaji kuambiwa atembee. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtu wa Industrial Area huzimaliza kabla ya Jumatano. Tatizo lake ni dogo: njia yake haina mteremko mkali, kwa hiyo pumzi anayo lakini breki hana. Aongeze mteremko tu.

Ninaowafikiria zaidi ni fundi cherehani, mlinzi anayekaa getini, mama wa kibanda cha M-Pesa, dereva wa matatu na sisi wa ofisini. Sisi hukaa.

Kibera yenyewe ni kiwanja kizuri cha mazoezi. Jina lake linatokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu, kwa sababu wanajeshi wa Kinubi waliopewa ardhi hapa mwanzoni mwa karne iliyopita waliukuta msitu. Msitu ulikwisha, lakini umbo la ardhi lilibaki. Kutoka Kibera Drive kule juu, njia zinateremka zikivuka reli hadi bondeni kwenye mto na Nairobi Dam. Ukishuka na kupanda mara moja unapata dakika nyingi za kazi halisi. Enda mchana, njia ikiwa kavu. Wakati wa mvua vichochoro vile huteleza kuliko mlima wowote, na mitaro haionekani.

Kawangware ni tambarare zaidi, ingawa kuna mteremko wa kushuka mtoni ukielekea Kangemi. Usipoupenda, tumia ngazi za ghorofa. Ghorofa ya orofa tano inatosha. Omba ruhusa kwa mlinzi, na usichague saa ya watu kupanda na maji.

Wiki mbili za kwanza, tembea mahali tambarare dakika 30, siku nne kwa wiki. Mwendo ufaao ni ule unaokuruhusu kuongea lakini hukuruhusu kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kipimo hiki hakihitaji saa ya bei wala simu, na nimekiona kinafaa kuliko vyote.

Wiki ya tatu na ya nne, badilisha siku mbili kati ya hizo ziwe za mteremko. Anza kwa kushuka mara tatu tu. Hapo ndipo watu hufanya kosa langu: wanajisikia vizuri, wanashuka mara kumi, na kesho yake hawaendi kazini. Mara tatu. Kisha nne, tano, hadi nane mwisho wa wiki ya sita. Mwezi wa pili, chagua siku moja ya wiki uende matembezi ya saa mbili, ukibeba mkoba wenye maji lita mbili. Anayeishi Kawangware anaweza kutembea hadi Arboretum na kurudi. Bustani ile imekuwapo tangu 1907 na ina miteremko ya kushuka mtoni. Anayetaka kivuli zaidi aende Karura. Yote mawili yana ada ya kuingia, basi uliza kwanza.

Ukiumwa misuli pande zote mbili sawasawa, huo ni uchovu. Ukiumwa mahali pamoja tu, kwenye goti moja au kisigino kimoja, na maumivu yanaongezeka kadiri unavyotembea, simama wiki moja. Yakirudi, nenda kliniki.

Kuhusu viatu, nitasema kwa ufupi kwa sababu watu hupoteza pesa hapa. Raba nzuri ya mitumba kutoka Toi inatosha Ngong wakati wa kiangazi. Igeuze uitazame chini: kama meno ya soli yamelika, iache, hata kama juu inang'aa. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya kidole mbele ya dole gumba, kwa sababu wakati wa kushuka mguu husukumwa mbele na kucha huumia. Ivae wiki kadhaa mtaani kwanza. Kiatu kipya siku ya safari ni malengelenge ya uhakika.

SIKU YENYEWE

Milima ya Ngong iko Kaunti ya Kajiado, na hifadhi yake husimamiwa na Shirika la Misitu la Kenya, KFS. Kuna ada getini, nayo hubadilika, basi weka pesa kwenye simu na uulize kabla ya kuondoka. Askari wa misitu wa kusindikiza kundi hupatikana na hulipiwa kando. Changeni. Milima ile imewahi kuwa na visa vya wizi, na kwa maoni yangu kutembea peke yako kule ili kuokoa pesa ya askari si hesabu nzuri.

Kutoka Kibera, panda hadi Ngong Road ushike matatu namba 111. Kutoka Kawangware, fuata Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, ushike hiyohiyo. Ukifika mji wa Ngong, bodaboda au miguu hadi getini, karibu na vinu vya upepo. Vinu vya kwanza viliwekwa hapo 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na leo kituo cha KenGen kinaweza kuzalisha megawati 25.5. Waliopanda zamani watashangaa jinsi vilivyoongezeka.

Jambo ambalo nililisahau ni mpangilio wa vilima. Njia nzima kutoka getini kaskazini hadi Kona Baridi kusini inazidi kilomita 10, na si mlima mmoja wa kupanda na kushuka. Ni vilima vinavyofuatana, unapanda na kushuka tena na tena, na kile kirefu kuliko vyote, Lamwia, chenye mita 2,460, kiko mwishoni. Yaani unakikuta ukiwa umechoka tayari. Anayetumia nguvu zote vilima vya mwanzo kama nilivyofanya hufika Lamwia akiwa hana miguu, na upande ule hakuna bodaboda ya kumwokoa katikati.

Kwa hiyo safari ya kwanza ya kurudi isiwe njia nzima. Nenda hadi kilima cha pili, kula chakula chako, geuka. Utakuwa umepanda vya kutosha na kushuka vya kutosha. Njia nzima iache kwa safari ya pili, mwezi mmoja baadaye, na uipangie muda wa saa nne hadi sita.

Hewa isikutishe. Kilele cha Lamwia kina karibu robo pungufu ya hewa ukilinganisha na Mombasa, lakini mkaazi wa Nairobi anaishi tayari karibu na mita 1,700, kwa hiyo sehemu kubwa ya tofauti hiyo mwili wake umeshaizoea. Shangazi aliyefika juzi kutoka pwani ndiye wa kupewa siku chache kwanza.

Upepo ndio wa kuogopwa. Huko juu hakuna mti wa kukukinga, na jasho likipoa mtu hutetemeka hata mwezi wa Februari. Beba sweta na koti la mvua, hata kama Kawangware jua linawaka. Januari na Februari ni miezi mizuri. Machi hadi Mei udongo huteleza vibaya. Julai ukungu unaweza kufunika njia yote. Ukisikia radi, usingoje kuona itaelekea wapi. Shuka kutoka ukingoni.

Chakula kiwe cha kawaida: ndizi, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, chapati. Kunywa maji kidogo kidogo tangu mwanzo. Taka zote zirudi na mkoba wako.

Na wakati wa kushuka, fuata shauri la yule mama wa Gatwekera. Hatua fupi, magoti yamekunjika kidogo, yasinyooke kabisa. Weka unyayo mzima chini, si kisigino peke yake. Mahali pakali, shuka kwa zigizaga. Fimbo moja imara hupunguza kazi ya goti, na hakuna aibu kuibeba ukiwa na miaka 40. Simameni kila dakika 20 hata kama hakuna aliyechoka, kwa sababu kama tulivyoona, paja halisemi mapema. Anayetembea polepole kuliko wote ndiye atangulie mbele, wengine wamfuate. Akiachwa nyuma atajikaza, na anayejikaza ndiye huanguka.

Likitokea jambo la dharura, piga 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu lina namba 1199. Simu ziwe na chaji na mmoja wenu asitumie yake kupiga picha.

Mimi nilifika Lamwia mwezi wa Februari mwaka uliofuata, presha yangu ikiwa 132 kwa 84 asubuhi ya siku hiyo. Yule mama alikuja pia. Tulishuka Kona Baridi saa tisa alasiri, tukapata gari la Kiserian. Kutoka Kiserian, wa Kibera hupanda 126 inayopita Rongai na Lang'ata Road, na wa Kawangware hupanda ya kwenda Ngong kisha 111 hadi Dagoretti Corner. Beba nauli ya kurudi kando na pesa nyingine, kwa sababu Jumapili jioni nauli hupanda.